Usimwite Mwanangu Keya

Mke wangu Kabula,

U mzima? Maziwa yanatoka vizuri? Na huyo mgeni wetu mchanga, analia kama mimi au kama ndugu zako wenye sauti za kuswagia ng'ombe? Mimi huku Geita mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka. Wewe mwalimu wa dini unayemsomea, tafadhali soma yote, usiruke kitu kwa kuona haya.

Barua yako ilinifurahisha mpaka nilipofika uliposema baba anataka mtoto aitwe Keya siku ya kumtoa nje. Kabula, nakusihi, jina hilo lisimguse mwanangu.

Najua linavyopendwa hapo. Niliporudi kutoka vitani Bama, tulikopigana na Wajapani, na lile koti zito la jeshi, kijiji kizima kiliniita Keya, maana askari wote wa Mwingereza waliitwa hivyo. Baba akawaambia watu keya ni mnyama wa misitu ya huko, mkali kuliko chui. Mjomba wako akabisha, akasema ni neno la Kihindi, maana yake shujaa. Mimi nilikuwa nakula nyama ya mbuzi niliyechinjiwa, nikawaacha wabishane. Hata mimi sikujua.

Huku mgodini sisi tuliotoka jeshini tumewekwa getini, na msimamizi hajui jina la hata mmoja wetu. "Keya, njoo! Keya, fungua!" Tunageuka wote. Juzi nikamwuliza karani wetu Filemoni, Mnyasa mmoja mcheshi, neno hilo limetoka wapi. Akachora herufi tatu vumbini kwa kijiti: K, A, R.

"Hizi ulizivaa begani miaka yote, bwana. Wazungu wanazitaja mojamoja, ninyi mkaziunganisha zikawa keya. Ya kwanza ni mfalme. Ya pili ni Afrika. Ya tatu ni bunduki."

"Na mtu yuko wapi?"

"Mtu hayumo. Bunduki za Kiafrika za mfalme, basi."

Akacheka sana. Mimi nilizifuta zile herufi kwa kiatu nikarudi getini.

Sasa sikia kazi ya hiyo bunduki. Wachimbaji wakitoka shimoni tunawavua nguo, tunawachokora nywele na masikio, kisha tunawatia kidole mdomoni kutafuta punje ya dhahabu. Kidole hichohicho, mdomo hadi mdomo, wenye tumbaku na wenye vidonda. Nanawa kwa majivu, harufu haitoki. Siku hizi nakula kwa kijiko, wenzangu wananicheka eti nimekuwa Mzungu.

Jana alitoka mzee wa rika la baba, Msukuma mwenzetu. Nikamwamkia shikamoo huku nimemshika taya. Hakuweza kuitikia, kidole changu kilikuwa mle ndani. Nilipokitoa akatema mate pembeni, akanitazama.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Una mtoto?"

"Ninaye, baba. Wa kiume, mchanga."

"Utamlisha kwa mkono huo?"

Msimamizi akanipiga begani. "Vizuri, Keya!" Nilikwenda kunawa tena kwa majivu, Kabula. Sikuchukizwa na mdomo wa yule mzee. Nilijichukia mwenyewe.

Basi mwambie baba, kwa heshima zote, mtoto aitwe Masanja, jina la babu yangu aliyechunga ng'ombe wake mwenyewe mpaka akafa. Baba akinuna, mwalimu amsomee barua hii tena. Lile koti mtandikie ndama. Mkataba wangu ukiisha narudi kulima pamba, sisaini mwingine.

Nisalimie mama mkwe aliyekukanda, mwambie sijasahau wema wake. Nisalimie dada yangu anayekutekea maji, na shemeji yule mvivu, kama ameamka.

Neno moja limebaki. Juu ya bahasha yako mwalimu aliandika "Kwa Keya, Getini". Walinzi wote waliifungua kabla yangu, kila mmoja akidhani ni yake. Wameshajua habari za matiti yako na za mwanangu. Mkiandika tena, wekeni jina alilonipa mama.

Mumeo,
Luhende