Mafundo Sitini na Moja

Jumamosi, 3 Mei
Kikao cha familia sebuleni kwa Baba. Kaka amekuja na tepu – amepima kitanda cha Baba kabla hata ya kumwamkia! Anataka kumhamishia kwake mwisho wa mwezi, chumba cha uani, kando ya pampu ya maji. Sababu: Baba aliteleza bafuni mwezi wa tatu. Baba akasema yeye si kabati. Kaka akasema miguu haimbebi tena.

Baba akamaliza chai yake yote, ndipo akatega mtego. Ile njia ya msitu wa pwani, inayoanzia langoni na kuzunguka hadi langoni. Akiimaliza yote bila kushikwa mkono, ndani ya saa tatu, anabaki nyumbani kwake na mjadala umefungwa. Akishindwa, atafunga virago mwenyewe. Kaka alicheka hadi chai ikampalia. Amekubali! Atatembea naye kama shahidi. Mimi nitakaa langoni niandike muda. Wote wananiamini: miaka kumi na minne masjala, sijaandika tarehe ya uongo hata moja.

Jumanne, 6 Mei
Nimeaga kazini kwamba nina jino. Jino ninalo kweli, ila haliumi.

Mimi na Baba tumeizunguka njia kwa siri. Bango linasema: ugumu wa wastani. Askari wa lango akauliza kama mzee ataweza. Baba: "Mimi pia ni wa wastani, mwanangu."

Alikuwa mpima ardhi. Hawezi kutembea bila kuhesabu. Kila hatua mia, fundo moja kwenye kamba iliyo mfukoni. Mizizi, daraja la mbao juu ya mikoko, kipande cha mchanga, kisha kilima cha mawe. Hapo nilimshika mkono mara mbili. Mafundo tisini na mawili. Saa tatu na dakika arobaini – tumezidisha!

Kabla ya kilima kuna kijia cha askari, kinakata moja kwa moja hadi langoni. Baba alikitazama sana. Nikamwambia asinitie majaribuni. Akasema anatazama ndege tu.

Jumapili, 11 Mei
Mara ya pili. Saa tatu na dakika kumi na mbili. Kilimani hakushikwa! Pale juu alisimama kupumua. Akasema kwa Kaka atakuwa anasikia pampu. Nyumbani anasikia bawaba za kabati la marehemu Mama, na hataki mtu azitie mafuta. Nikammenyea ndizi.

Jumatano, 14 Mei
Wifi amepiga simu, sauti ya chini. Kaka amenunua viatu vya kupandia milima, anavivaa akitazama taarifa ya habari. Mazoezi? Kutoka kwenye kochi hadi kwenye friji. Wifi mwenyewe anamwombea Baba ashinde: "Wifi yangu, mwanamume mmoja wa kuniuliza chumvi iko wapi ananitosha."

Jumamosi, 17 Mei
Naandika nikiwa kwenye benchi la langoni.

Saa mbili na dakika tano asubuhi: wameondoka. Kaka kifua mbele. Baba nyuma, mkono mfukoni.

Saa nne na nusu: nawaona! Mapema mno. Kaka anachechemea, viatu amevitundika shingoni, visigino vyote malengelenge. Na aliyeshikwa mkono ni yeye – Baba ndiye anayemkokota!

Sijauliza kitu, Kaka ameshaanza kuapa. Yote! Wameizunguka yote, hawakuruka hata mti! "Andika, mdogo wangu. Mzee ameshinda, basi." Baba anakunywa maji na kutazama ndege. Hakuna ndege.

Kisha akaniwekea kamba mapajani. Nimehesabu mara mbili kwa kidole. Sitini na moja. Njia nzima ni tisini na mawili.

Kijia cha askari! Na miguu iliyokiomba naijua. Iko mbele yangu, haina viatu. Nikamuuliza Kaka kilima cha mawe kilikuwaje. "Kilima gani?" Akameza mate. "Aa, kile! Kidogo tu." Baba akapaliwa na maji.

Nikiandika kweli, Baba analala kando ya pampu kwa sababu ya visigino vya Kaka. Nikiandika uongo, ndiyo tarehe yangu ya kwanza. Nimemtazama Baba anisaidie. Amesema niandike ninachokiona.

Ninachokiona: ameichukua tena kamba. Amekaa kwenye jiwe, mgongo kwa Kaka. Anafunga fundo la sitini na mbili. La sitini na tatu.

Kaka anauliza kama nimeshaandika. Nimemwambia asubiri, Baba bado yuko njiani.