Mbegu Kwenye Vumbi la Kabati

Kabati, mapema Oktoba. Mwaka wa thelathini na mbili tangu tutoke Kilungu, mwezi wa saba tangu uniache.

Mama Mueni,

Mvua haijanyesha. Jana nilipanda, peke yangu, na nataka uipate habari hii kwangu kabla jirani yetu Ndanu hajaifikisha huko juu kwa maombi yake marefu.

Unaukumbuka msimu wetu wa kwanza hapa. Kaka yangu alikuwa ametufukuza kwenye shamba la baba, nami nikaja na vitabu vyangu na ujuzi wa milimani. Kwetu Kilungu mtu hungoja udongo ulowe ndipo apande. Huku majirani walikuwa wakitia mbegu kwenye vumbi, na mimi nikawacheka. Ndanu akasimama kwenye ua: "Mzee wa Kilungu, unangoja mvua ikupigie hodi?"

Mvua ilikuja, ikakaa wiki chache, ikaenda. Ndengu zao zilikomaa, zetu zikakauka na maua yake. Nilijifungia ndani nikisema nimelaaniwa. Ukaniambia, "Hujalaaniwa, Baba Mueni. Hujajua tu. Nenda umwulize Ndanu." Sikwenda. Mwalimu mzima nimwulize mtu ambaye hakumaliza darasa la tatu? Ulienda wewe.

Msimu uliofuata nilichimba mashimo, ukanifuata na kiondo, ukidondosha mbegu na kuzifukia kwa unyayo. Mwisho wa shamba ukainua macho mbinguni, ukaomba: "Bwana, sisi tumemaliza upande wetu." Tukapanda hivyo miaka yote.

Mwezi jana alikuja mtoto wa kaka. "Baba anasema urudi, baba mdogo. Kile kipande cha juu ni chako." Maneno niliyoomba kuyasikia tangu tuondoke. Nilienda. Kaka hawezi kusimama tena. Alinishika mkono, asiuachilie mpaka chai ikapoa. Nilimsamehe, Mama Mueni, na si kwa mdomo. Kisha nikakitembelea kipande. Parachichi zimebeba, kijito bado kinapita chini. Nilikitamani, sitakuficha. Mueni naye akanisukuma: "Baba, miaka sabini na nne ni ya kuanza upya Kabati?"

Nilikaa na swali la binti yako siku nyingi. Kilungu najua kila kitu, hata jiwe la kukanyagia kijitoni. Hapa, bila wewe, nimegundua sijui hata mbegu ulizifukia kwa kina gani. Miaka hiyo yote ulikuwa nyuma yangu na sikugeuka hata mara moja kutazama. Hilo ndilo lililoniuma. Kuliko…

kuliko kupokonywa shamba la baba.

Jumatatu nikaenda kwa Ndanu. Mimi mwenyewe, kofia mkononi. "Kumbe njia ya kuja hapa unaijua," akasema, kisha akanionyesha kwa kidole: pingili mbili, ili manyunyu ya kupita yasiidanganye mbegu ikaota mapema. Nikamwomba anionyeshe tena.

Jana nilichimba mstari, nikarudi mwanzo, nikachukua kiondo chako. Mstari wa kwanza niliuharibu. Niliufukua wote, nikaanza upya. Mgongo ulilalamika, nikauacha ulalamike. Mwisho wa shamba, karibu na tulipokuzika, nilijaribu kuomba yale maneno yako. Niliyafikisha nusu. Bwana anayajua yaliyobaki.

Kipande cha Kilungu nimemwachia kijana wa kaka akilime. Ndengu zikikubali, za kwanza nitampelekea kaka tule pamoja, kisha nije nyumbani, hapa Kabati. Zisipokubali, nitamwuliza tena Ndanu, na msimu ujao nitapanda tena kwenye vumbi. Nakuahidi hilo.

Pumzika, mke wangu. Jana niligeuka nyuma kila shimo.

Sitarudi Kilungu.