Nimemsalia Mgonjwa Sala ya Marehemu

Mpendwa Shangazi Winfrida, shikamoo. Nakuandikia kutoka huku Mgeta milimani, naomba unisaidie kabla sijaamua vibaya, maana mke wangu anasema nimeteleza ulimi tu na mimi naona ni zaidi ya hapo.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, ndiye ninayeongoza sala tunapokutana nyumba kwa nyumba, na kusema kweli naifanya vizuri, sala zote nazijua kwa kichwa, rozari naiongoza huku nawaza kama kabichi zangu zimepata gari la kwenda Morogoro, na hakuna aliyewahi kugundua, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijagundua. Mwaka huu tumezika sana kijijini, kwa hiyo tumesali sana misibani, basi Jumamosi iliyopita tukaenda kumwombea Mama Cecilia, mama yangu wa ubatizo, ambaye anaumwa hatoki kitandani, tukajaa chumbani kwake, nikafanya ishara ya msalaba, nikafumba macho, nikaanza, wenzangu wakaitikia kwa sauti moja mpaka amina, ndipo nikamsikia anasema taratibu, "Thobiasi mwanangu, mbona mnanizika ningali hai?" Kumbe nimesali sala ya kuwaombea marehemu, mwanzo mpaka mwisho, na jina lake nimelitaja, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka!

Nikamwambia, "Nisamehe mama, ni mazoea." Akageukia ukutani. Tangu hapo sijakanyaga kwake, nazungukia njia ya bondeni kwa aibu, na nikijaribu kusali peke yangu maneno yanatoka yenyewe, mimi simo, naogopa sana. Nafikiria kumwomba paroko nijiuzulu, ila wengine wanasema nitaivuruga jumuiya kwa kuwa uchaguzi bado uko mbali. Je, nijiuzulu au nibaki?

Thobias, Mgeta

Marahaba, Thobias, na pole. Aibu hiyo usiifukuze haraka. Mtu ambaye imani yake imekufa kabisa angecheka, akanywa chai, akaenda zake.

Sasa acha nikuseme. Barua yako nimeirudia kuisoma nikitafuta ugonjwa wa Mama Cecilia, sikuuona. Gari la kabichi umeniambia, uchaguzi umeniambia. Mama aliyesimama nawe siku unabatizwa anaumwa nini? Hujui, baba, kwa sababu hukumuuliza. Uliingia, ukafumba macho, ukaanza. Ulikosea kabla hujafungua mdomo. Na mkeo kwa hili usimsikilize, anakupenda na anataka upate usingizi.

Habari ya uenyekiti iweke kando. Ukijiuzulu leo utakuwa umejipatia sababu nzuri ya kukaa nyumbani, na wenzako wataendelea kuitikia lolote watakaloongozwa.

Kesho asubuhi nenda kwake peke yako, kitabu cha sala kiache. Mwamkie, kaa karibu na kitanda, omba msamaha, na hilo neno mazoea usilitaje tena. Muulize anaumwa wapi, analalaje, nani anamchotea maji. Kisha muulize anataka Mungu aambiwe nini, nawe umwambie Mungu hivyo hivyo, macho wazi, kwa Kiluguru kama Kiswahili kitakugomea. Utababaika na utaona haya. Ni vizuri, sentensi moja inatosha. Akikataa kukupokea, kaa uani umpasulie kuni, urudi tena siku inayofuata. Kwa paroko nenda, lakini nenda ukaungame. Na Jumamosi mzungumze kwenye jumuiya, wote, maana wote mliitikia.

Usingoje mpaka usikie hamu ya kusali ndipo uende. Huenda ukaikuta huko huko, na usipoikuta, mama atakuwa amepata mtu wa kukaa naye. Nenda angali anaweza kukujibu.