Mlawi Anayehesabiwa Siku

Alhamisi, 29 Septemba

Leo wamekuja wateja watatu kuchukua vito vyao. Watatu! Mmoja alitaka bangili ambayo hata sijaing'arisha. Nikamwambia, mama, rudi katikati ya Oktoba. Akatazama sakafu. Akasema afadhali aichukue hivyo hivyo, isije ikapotea. Ipotelee wapi? Kaburini kwangu?

Nikampa. Nikabamiza mlango wa duka mpaka Hedi akatoka kwake, mkasi mkononi. Hedi anauza vitambaa, ukuta wake na wangu ni mmoja. Ni Mwislamu, lakini hadithi ya Walawi anaijua kuliko mimi. Djerba nzima inaijua. Akaniambia, "Bado siku nane, jirani. Ukifa, lile feni lako ni langu." Huyu angalau anacheka na mimi. Wengine wananionea huruma, na huruma yao inanichoma.

Acha niiandike mara moja, initoke. Eti Ezra alipowaita Walawi warudi Yerusalemu kulijenga Hekalu, Walawi wa kisiwa hiki walikataa. Akawalaani, wakafa wote. Tangu hapo Mlawi akihamia Djerba hamalizi mwaka. Ndiyo maana kijiji cha mke wangu ni Makuhani watupu, wana wa Haruni nyumba hadi nyumba. Mlawi ni mmoja tu, mimi, Nisim Levi, sonara kutoka Tunis. Nilishuka hapa tarehe saba Oktoba mwaka jana, masanduku mawili mkononi, nikimfuata Ghzala.

Haya, na Makuhani wa hapa je? Wao walirudi Ezra alipoita? Wapi! Wamekaa hapa hapa mpaka leo wanakula kuskusi. Mbona hawakulaaniwa? Nilimuuliza baba mkwe, mzee Khlifa. Akasema barua ya Ezra iliwahusu Walawi. Barua! Nani aliiona?

Jumapili, 2 Oktoba

Nimepiga chafya sinagogi. Chafya moja! Vichwa arobaini vikageuka.

Nyumbani Ghzala akaniomba tena. Ana mimba ya miezi minane na anatembea ameshika kiuno. Anasema sifanyi dhambi nikivuka kwenda bara, nilale usiku mmoja kwa shangazi yake mjini Zarzis, nirudi kesho yake. Mwaka unakatika, hesabu inaanza upya, kila mtu anapumua.

Nikamwambia sivuki. Nikivuka nimekubali.

"Umekubali nini? Kulala kwa shangazi yangu?"

Mama mkwe, Msuda, alikuwa jikoni anakaanga. Akasema bila kugeuka kwamba wanaume wa kabila la Lawi wamejaa hasira tangu enzi za Shekemu, walipoua mji mzima kwa ajili ya dada yao. Hata baba yao Yakobo aliilaani hasira hiyo. Nikamjibu: dada yao alinajisiwa, mama, ulitaka wapeleke zawadi? Akaniwekea samaki mdogo kuliko wote.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mfungo wa Siku ya Upatanisho umepita. Sina nguvu lakini nina la kusema.

Kazi ya Mlawi ni kuwamwagia Makuhani maji mikononi kabla hawajapanda kubariki watu. Mababu zangu walibeba Sanduku la Agano jangwani, waliimba Hekaluni, walilinda milango. Kikabaki hiki, birika na bakuli. Siudhiki. Naipenda kazi hii, tena sana. Kabla sijaja walikuwa wakinawishwa na vifungua mimba tu. Wazee walilia mara ya kwanza niliposhika birika. Mmoja alinibusu bega, akasema miaka yote hii hawajawahi kunawishwa na Mlawi.

Jana nilinawisha watu arobaini. Na kila mmoja, maji yakimtiririka vidoleni, ananitazama usoni kuona nimepauka kiasi gani. Khlifa alininong'oneza, "Vaa sweta, mwanangu." Mbele ya Sanduku takatifu la Torati! Sweta!

Bado kesho tu.

Ijumaa, 7 Oktoba

MWAKA! Nimemaliza mwaka! Siku mia tatu sitini na tano, na niko hai, na nina njaa!

Nimenunua keki za tende kilo mbili. Nimegawa sokoni. Hedi amenikumbatia, akasema ameshaanza kulizoea wazo la lile feni. Nimeingia nyumbani naimba.

Baadaye, kabla ya Sabato. Naandika haraka.

Khlifa alikuwa ameketi mezani na kalenda yetu, ile ya mwezi. Miwani puani. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwaka niliouhesabu ni wa serikali. Je, Ezra alikuwa na kalenda ya serikali? Nilifika tarehe mosi ya mwezi wa Heshvani. Na mwaka huu, mwanangu, ulikuwa na miezi miwili ya Adari. Una miezi kumi na mitatu. Heshvani ya pili haijafika. Zimebaki siku kumi na tisa.

Mwezi mzima wa ziada! Kati ya miaka yote nikachagua kuhamia mwaka mrefu!

Nikamuuliza tangu lini anajua. Tangu mwanzo, alisema. Hakutaka kuniharibia furaha. Ghzala alikuwa anaokota keki nilizoziangusha, na kuinama kwenyewe hawezi.

Jumatano, 19 Oktoba

Sikukuu zimekwisha, naweza kuandika. Nimefanya jambo. Sijutii. Pengine kidogo.

Jana, siku ya mwisho ya sikukuu, sinagogi limejaa. Makuhani wamejipanga kwenye beseni, viatu wamevua, mikono mbele. Wa kwanza Khlifa. Nyuma yake nikamsikia mtu anamwambia mwenzake — hakujua nasikia — kwamba birika ninaliinua kwa shida sasa, dalili hiyo.

Nikaliweka chini. Maji hayajamwagika hata tone. Nikasema kwa sauti, "Nawishaneni wenyewe. Maiti hanawishi mtu."

Nikatoka.

Njia nzima nilimfikiria Kora. Mlawi kama mimi. Alisimama mbele ya Musa na Haruni akawaambia mmejitwika makuu mno, watu wote ni watakatifu. Na ardhi ikammeza. Sawa. Lakini hakukosea kila neno! Nimelisema hili peke yangu barabarani, kwa sauti, na punda wa watu amenitazama.

Nasikia Khlifa alisimama pale mikono mitupu muda mrefu, mpaka kifungua mimba mmoja akashika birika. Amerudi nyumbani. Nilitaka anifokee. Hakunifokea.

Alhamisi, 20 Oktoba

Tumegombana, mimi na Ghzala. Ugomvi wa kweli.

Alisema siku tano tu zimebaki, nivuke, nimfanyie yeye. Nikamwambia hivi, na naliandika ili nisilisahau: "Huyo tumboni akiwa mwanamume, ni Mlawi. Nikivuka mimi, naye atavuka. Kila mwaka, kabla ya tarehe yake, atafungashiwa mkate na yai la kuchemsha apelekwe Zarzis kama mbuzi anayefichwa. Akiwa na miaka saba watoto watamuuliza unakufa lini. Nikibaki, nikaamka asubuhi ya tarehe mosi Heshvani nikanywa kahawa yangu, imekwisha. Kwake na kwa watoto wake. Hamtahesabu tena."

Nikadhani nimeshinda.

"Na usipoamka?" akasema. "Nimwambie nini? Kwamba baba yako alikuwa sahihi?"

Nikasema hakuna laana. Akasema hajui kama ipo. Akasema anachojua ni kwamba hajalala tangu Agosti, anasikiliza ninavyopumua.

Hilo sikulijua. Nilipaswa kumshika mkono. Nikaenda dukani.

Jumapili, 23 Oktoba

Ameondoka. Yeye na mama yake, kwa shangazi, Zarzis. Anasema hawezi kukaa kitanda kimoja na mtu anayehesabiwa. Mtoto bado wiki tatu, atarudi Alhamisi.

"Ukiwa hai utanifungulia mlango," alisema. Alitaka liwe utani.

Khlifa naye amekwenda nao. Nyumba yote nimeachiwa mimi. Wamenipikia chakula cha siku tatu. Cha siku tatu kamili! Hata sufuria zinahesabu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nakohoa. Vumbi la dukani tu. Hedi hakufanya mzaha leo. Hilo ndilo limenikasirisha kuliko yote.

Jumanne, 25 Oktoba

Naandika juu ya goti, ndani ya pikapu ya Hedi. Mwandiko mbaya, basi.

Leo jua likizama inaingia tarehe mosi Heshvani. Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jioni. Niliitazama kwenye kalenda ya Khlifa mara nne, kama mjinga.

Saa kumi na nusu simu ikaita. Khlifa. Akasema uchungu umeanza, wako hospitali, Ghzala ananiita. Nje ya kisiwa!

Nikamwambia anadanganya.

Nilimwambia mzee wa watu anadanganya! Kwamba wamepanga, wote watatu, na shangazi pia, wanitoe kisiwani kabla ya magharibi. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya Kuhani wala ya baba mkwe, ilikuwa ya mzee aliyechoka, "Nisim, niapie nini ili uje?"

Nikakata.

Hedi alikuwa mlangoni, amesikia. Hakuuliza. Akafunga duka lake, akalifunga na langu, akaleta gari.

Sasa tumesimama. Mimi ndiye niliyemwambia asimame. Hapa kisiwa kinaisha. Mbele ni ile barabara ya kale juu ya maji, kilomita saba, halafu bara. Saa kumi na moja na dakika tano. Nikisubiri hapa dakika ishirini, jua linazama nikiwa Djerba, nikiwa hai, na mwanangu hatahesabiwa kamwe. Dakika ishirini tu! Nikivuka sasa, kesho kijiji kizima kitasema kwa huruma: alivuka kwa wakati, ashukuriwe Mungu. Na hakuna atakayejua kama laana ipo. Hata mimi.

Lakini si hilo linalonitafuna. Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Simu ilipoita, Khlifa aliposema njoo — kabla sijamfikiria Ghzala, kabla sijamfikiria mtoto, kabla hata sijakasirika — nilishusha pumzi. Nilifurahi! Mimi! Mwili wangu wote ulisema: nimepata sababu, naweza kuvuka. Mwaka mzima nimewafokea watu kwa woga wao, kumbe nami nilikuwa nao tumboni, mkubwa kuliko wa wote.

Hedi anauliza twende au tusubiri. Anasema yeye hana haraka, ila mtoto hasubiri magharibi.

Simu inaita tena. Nimepokea. Ni Ghzala, analia kwa uchungu, na huyo hadanganyi, hakuna mtu duniani anayeweza kuigiza vile — jina langu, mara mbili, na mama yake kwa mbali anamwambia apumue.

Jua bado lipo. Limekaa pale pale, halitaki kushuka, jua la —

Hedi amewasha gari. Sijamwambia awashe. Sijamwambia azime.