Jina Kwenye Tofali

Jumanne, Lanham

Nimeosha vyombo mara mbili na bado sijatulia.

Leo Mzee Liu, ninayemhudumia nyumbani kwake, alikataa kabisa zoezi lake la kutembea. Nami nilikuwa nimechoka, sikumbembeleza. Nikajaza fomu kwamba ametembea dakika kumi, nikasaini.

Haukupita muda, akaanza kunisimulia habari za Nanjing alikozaliwa, mji wa kando ya Mto Yangtze uliowahi kuwa makao ya wafalme wa China. Ukuta wake wa kale bado umesimama. Kila tofali, anasema, lilipigwa chapa ya jina la aliyelifyatua.

"Ili asifiwe?" nikamuuliza.

Akacheka. "Ili likipasuka, ajulikane."

Najua hakuniona nikisaini, alikuwa ameelekea dirishani. Lakini niliitia ile fomu kwenye faili lake haraka.

Miguu yake inazidi kukakamaa wiki hadi wiki. Siku akianguka, binti yake atafungua lile faili na kusoma kwamba baba yake alitembea. Na chini yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, jina langu: Rehema.