Kisanduku Alichokichagua Amina

Jumatano, jioni

Basi nimekubali. Pedali ya mwangwi, kile kidude cha gitaa cha kukanyaga kwa mguu, imebaki dukani Old Kampala, nami nimerudi na priampu, kisanduku cheusi kisicho na mbwembwe, cha kusafisha sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye spika.

Kilichoniudhi ni kwamba nilikuwa nimeshachagua. Mwangwi ule ulinifanya nisikike kama watu watatu. Lakini Amina, ninayempigia gitaa kila Jumamosi kwenye baa ya Kansanga, alisimama akanipa mgongo ili asione mguu wangu unakanyaga kipi. Kisha akaanza kuimba.

Kwenye mwangwi alinyamaza katikati ya ubeti. "Hii inakula maneno yangu, kaka." Kwenye priampu aliimba mpaka mwisho, na muuzaji akaacha kupangusa kabati. Tulirudia mara tatu, ikawa vilevile.

Nilikuwa na hofu, maana juzi aliniambia kuna mpiga kinanda anamtaka wakaimbe pamoja. Leo tukishuka kilima hakumtaja. Aliuliza tu Jumamosi tutaanza na wimbo gani.

Sasa nimejaribu hapa nyumbani. Kila uzi unasikika vizuri isipokuwa wa nne, ambao kidole changu huuziba kidogo kila ninapohamisha mkono. Mwaka mzima nimezilaumu spika za baa kwa sauti hiyo kufifia.

Nimemwandikia Amina kumweleza. Amejibu hapohapo: "Nilikuwa najua. Nilikuwa nangoja usikie mwenyewe."