Toroli la Samadi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kulalamika kila mvua inapokaribia. Baba naye hajambo? Bado anamfundisha fundi redio kutengeneza redio? Huku tu wazima, ila tumbo langu linanitangulia kila mahali. Wifi yako anasema litafika kustaafu kabla yangu.

Barua yako niliipata. Unasema mnunuzi amekuja kuliona shamba mara ya pili, Baba ameshakubali, na kilichobaki ni neno langu tu. Nimechelewa kujibu, na sababu utaiona.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana wewe huwaambia watu kwamba mdogo wako anamwagilia magugu ndani ya nyumba ya plastiki. Husemi uongo. Tunapanda mimea inayoota penye chumvi, ile yenye majani manene kama vidole vya mtoto mchanga, kisha tunapima inavyokula nitrati, yaani kile chakula ambacho mizizi hukitafuta katika samadi. Mtaalamu wetu, mama mmoja mpole asiyecheka ovyo, alinifafanulia kwamba kwenye udongo wa namna hiyo chumvi na nitrati husukumana kwenye mlango mmoja wa mzizi. Mahindi hayajui kuchagua mgeni: chumvi hujaa sebuleni, chakula kikabaki nje. Mimea yetu ina bawabu mkali. Huivuta nitrati ndani hata chumvi ikizidi, na chumvi inayopenya huifungia kwenye vistoo vya majani isisumbue wenyeji.

Nilipokuwa mgeni hapo alinifumania nikionja udongo wa ndoo ya majaribio. Akauliza kama nilikosa kifungua kinywa. Nikamwambia kwetu ndivyo tulivyopima: Baba alitia udongo kidogo ulimini, akafumba macho kama anayesikiliza taarifa ya habari, akatema, ndipo akatoa hukumu. Tangu siku hiyo wananiita Ulimi.

Unalikumbuka toroli letu la samadi, Dada? Gurudumu likilia mpaka majirani wakajua tumeamka. Wewe mbele ukivuta kamba, mimi nyuma nikijifanya nasukuma. Mahindi yalipogeuka manjano, Baba akasema ardhi ina njaa, tuongeze samadi. Tukaongeza. Yakazidi kuwa manjano. Ulimi wake ulimwambia chumvi inapanda kutoka bondeni, lakini hakuacha kulisha, mpaka wewe ukawasihi mbuzi waongeze bidii. Hata mwaka jana alikuwa bado anamwaga, na jirani wa ng'ambo ya mfereji akisema mzee ana mkono mkavu, hauoteshi kitu. Baba alicheka naye. Lakini nilimsikia jikoni akikuambia kwamba ardhi imemkataa. Hauzi kwa kuchoka, Dada. Anauza kwa aibu.

Sasa niseme lililonichelewesha. Lile kopo la kahawa ulilolitafuta nyumba nzima, ukamshuku fundi redio, nililichukua mimi nilipokuja mara ya mwisho, nikalijaza udongo wa shamba. Mtaalamu akaupima, kisha akaja kuniuliza ni nani aliyeulisha udongo huu kiasi hiki. Nitrati imejaa tele. Ardhi haikuwa na njaa kamwe; mahindi ndiyo yaliyoshindwa kula, chakula kikiwa miguuni pao. Ndani ya kopo hilohilo nimeotesha gugu langu moja, na limenawiri hadi linataka kopo kubwa zaidi. Nilijificha nyuma ya matangi nikalia kidogo. Wifi yako asijue, atanitania mpaka kaburini.

Basi neno langu ni hapana, tusiuze. Nimeomba likizo yote niliyolimbikiza, naja na miche. Siahidi mahindi. Lakini mbuzi hula majani haya yakichanganywa na mengine, na mbuzi wakila, unajua kinachofuata.

Usimsomee Baba barua hii, atadhani nambembeleza. Mpeleke shambani aonje udongo mwenyewe, kisha umwambie kwamba jasho lake halikupotea. Lilikosa mlaji tu.

Wasalimie watoto wote, na fundi redio umwombe radhi. Toroli lipake grisi. Wewe mbele, mimi nyuma, na safari hii nitasukuma kweli.

Mdogo wako,
Ulimi